Riali 1,000 ni Pesa Ngapi?

Tangazo huingia kwa WhatsApp, aghalabu na picha ya maghorofa ya vioo: kazi za ndani Riyadh, mshahara riali 1,000 kwa mwezi, chakula na malazi bure, tiketi juu ya mwajiri, mkataba wa miaka miwili. Anayelipokea Kayole, Nairobi, au Kisauni, Mombasa, hufanya hesabu moja. Dola ikiwa Sh129, riali 1,000 ni kama Sh34,400 za Kenya. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi, Mombasa na Kisumu, kilichoanza Novemba 2024, ni Sh16,113.75. Huko ni zaidi ya mara mbili ya hapa. Basi pasipoti inaanza kutafutwa.

Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ni mstari mmoja wa hesabu ndefu. Wanaokwenda wana haki ya kuiona yote kabla hawajatia sahihi, kwa sababu wakala ameshaipiga ya kwake na mwajiri pia ameshaipiga.

Tuanze na saa. Nchini Kenya amri ya jumla ya mishahara inaweka saa 52 za kazi kwa wiki, zigawanywe katika siku sita. Kwa mwezi hizo ni kama saa 225, kwa hiyo kima cha chini kinakuwa karibu Sh72 kwa saa. Ukiongeza posho ya nyumba ya asilimia 15 anayostahili asiyepewa malazi na mwajiri, unafika Sh82. Sasa nenda Riyadh. Kanuni za Saudia za mwaka 2013 kuhusu wafanyakazi wa majumbani zilimhakikishia mfanyakazi saa tisa za kupumzika kwa siku. Maana yake zilimruhusu mwajiri saa 15 zilizobaki. Aliyefanya kazi saa 15, siku saba, kama wengi walivyosimulia waliporudi, anamaliza saa 455 kwa mwezi. Gawanya Sh34,400 kwa 455. Unapata Sh76.

Sh72 hapa, Sh76 kule. Mshahara ule wa zaidi ya mara mbili umepatikana kwa kuuza saa zaidi ya mara mbili. Mwezi wa Ramadhani ndio unaoonyesha jambo hili waziwazi: jikoni kunawaka moto kuanzia alasiri kwa ajili ya futari, wageni wanakuja usiku, vyombo vinaoshwa, kisha daku inatayarishwa, na asubuhi watoto wanaamka kama kawaida. Mshahara wa mwezi huo ni uleule.

Kanuni mpya za Saudia zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zimeweka kikomo cha saa 10 kwa siku na mapumziko ya siku nzima kila wiki. Zikifuatwa, mfanyakazi yuleyule kwa mshahara uleule anapata kama Sh132 kwa saa. Kwa hiyo swali la kama kanuni inafuatwa ndani ya nyumba fulani lina thamani kubwa kuliko nyongeza yoyote ambayo wakala anaweza kuitangaza, na bado sijaona tangazo linalotaja saa.

Hata hivyo nisimnyime haki anayetaka kwenda. Faida yake halisi iko kwenye kinachobaki. Nairobi, Sh16,000 huliwa na kodi ya nyumba, nauli na unga, na wengi hawalipwi hata kima hicho. Riyadh analala na kula kwa mwajiri, kwa hiyo karibu mshahara wote unaweza kutumwa nyumbani: miezi 24 kwa Sh34,400 ni Sh825,600. Hicho ni kiwanja, au karo ya watoto wawili hadi wamalize. Mama anayeondoka kwa sababu hiyo anajua anachokifanya, na wanaomwona mjinga hawajawahi kuishi kwa mshahara wake. Ninachotaka ni aione bei ya pesa hizo, ambayo ni saa zake, afya yake na miaka miwili mbali na wanawe.

Kisha kuna fedha zenyewe. Ghuba ina sarafu zaidi ya moja zenye jina la riali, na hazilingani hata kidogo. Dola moja ni riali 3.75 za Saudia na riali 3.64 za Qatar, lakini riali moja tu ya Oman ni dola 2.60. Hivyo riali 100 za Muscat, ambazo ni dola 260, zinazishinda riali 900 za Riyadh, ambazo ni dola 240. Ndugu zetu wa Tanzania Bara na Zanzibar wanaokwenda Oman wanalijua hili, ila anayelinganisha matangazo mawili kwa kutazama tarakimu atapotea.

Sarafu hizi zimefungwa kwenye dola kwa kiwango kisichobadilika, na shilingi haijafungwa. Januari 2024 dola iligusa Sh160, na riali 1,000 za Saudia zilikuwa zaidi ya Sh42,600. Katikati ya mwaka huohuo shilingi ilikuwa imepata nguvu hadi karibu Sh129, na mshahara uleule ukawa Sh34,400. Mfanyakazi aliyekuwa amemwahidi mdogo wake karo kwa hesabu ya Januari alipungukiwa Sh8,000 kila mwezi bila mtu yeyote kumkata chochote. Anayepanga mkopo au ujenzi kwa pesa za Ghuba apange kwa kiwango cha chini, kile cha juu akione kama bahati.

Tuje kwenye gharama za kuondoka. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Kwa kazi za ndani kwenda Saudia kwa kawaida mwajiri ndiye anayelipa. Kwa walinzi, madereva na wafanyakazi wa hoteli mambo hugeuka, na hapo ndipo ng'ombe huuzwa na chama cha akiba hukopesha. Chukua mlinzi anayekwenda Doha. Qatar, tofauti na jirani zake wengi, ina kima cha chini kwa wafanyakazi wote tangu Machi 2021: riali 1,000 za mshahara, na mwajiri asiyetoa malazi na chakula anaongeza 500 na 300. Riali 1,000 hizo ni kama Sh35,400. Tuseme alikopa Sh150,000 kwa wakala, vipimo na tiketi, na deni pamoja na riba likawa Sh195,000 la kulipwa kwa mwaka mmoja. Kila mwezi Sh16,250 zinaondoka kabla mama yake hajapata senti. Mwaka wake wa kwanza Doha unalipa mshahara wa Sh19,000, ambao angeupata bila kupanda ndege. Aliyelipa ada hiyo hulazimika pia kuvumilia mwajiri mbaya, kwa sababu akirudi mapema deni linabaki.

Jambo ambalo watu hulisahau zaidi ni uwezekano wa kuipata hiyo kazi. Hapa somo la uchumi lina deni kwa Kenya. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza nafasi za kazi kwa haraka huku vyama vikisitisha madai ya nyongeza. Nafasi ziliongezeka, habari zikafika vijijini, watu wakamiminika mijini kuliko nafasi zilizokuwapo, na wasio na kazi hawakupungua. Wanauchumi John Harris na Michael Todaro walilitumia tukio hilo katika makala yao ya mwaka 1970, na hoja yao bado inafundishwa duniani kote: mtu anapohama, anafuata mshahara uliozidishwa kwa uwezekano wa kuupata.

Itumie hoja hiyo kwa kijana anayekwenda Dubai kwa viza ya matembezi, akitarajia kutafuta kazi akiwa huko. Ameambiwa dirhamu 1,500, kama Sh52,700. Kama kati ya vijana watatu wa namna yake mmoja tu ndiye anayepata kazi kabla viza haijaisha, mshahara wake kwa hesabu ya Harris na Todaro ni Sh17,500, na hapo hajalipia hata kitanda cha kukodi katika chumba cha watu wanane. Aliye na mkataba mkononi na asiye nao hawaendi nchi moja, hata kama wameketi kiti kwa kiti ndani ya ndege.

Ulaya nako ahadi hukua njiani. Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi makubaliano ya uhamiaji wa kazi Berlin mwezi Septemba 2024, ilisambaa habari kwamba kuna nafasi 250,000 kwa Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha: makubaliano hayana idadi yoyote. Kilichomo ni njia, na kwenye njia hiyo kuna Kijerumani cha kujifunza na vyeti vya kuthibitishwa. Uingereza vilevile: baada ya makubaliano ya wauguzi ya mwaka 2021, aliyekuwa Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alisema kati ya wauguzi 300 wa kwanza ni 10 tu waliofaulu mtihani wa Kiingereza.

Lakini muuguzi anayevuka vikwazo hivyo anafikia kitu ambacho mfanyakazi wa ndani hakipati, nacho ni ngazi ya kupanda. Katika hospitali za umma za England anaanza daraja la mshahara liitwalo Bendi 5, pauni 31,049 kwa mwaka kwa viwango vya 2025/26. Hizo ni kama Sh440,000 kwa mwezi, tarakimu inayozunguka sana mitandaoni. Kodi ya asilimia 20 hukatwa juu ya pauni 12,570, bima ya taifa asilimia 8, na pensheni kiasi kama hicho. Mkononi zinafika karibu pauni 1,980. Toa chumba cha pauni 600 nje ya London, chakula, usafiri na umeme wa majira ya baridi, na aliye peke yake hubaki na pauni elfu moja hivi. Aliyekuja na watoto wadogo hubaki na kidogo zaidi, kwa maana malezi ya mtoto huko hulipiwa kwa saa. Hata hivyo akifika Bendi 6 anaanzia pauni 38,682, pensheni yake inakua, na usajili wake unatambulika akihamia hospitali nyingine.

Mwenzake aliyekwenda kama mhudumu wa wazee alipanda ndege ileile bila ngazi hiyo. Tangu Machi 2024 wahudumu wapya hawaruhusiwi kuleta mwenzi na watoto, na Julai 2025 mlango wa kuwaajiri kutoka nje ulifungwa kabisa. Walioko huko viza yao imefungwa kwa mwajiri, na akiwaachisha kazi hupewa kwa kawaida siku 60 kupata mwingine. Kwa hiyo anayelinganisha kazi mbili za ughaibuni aulize atakuwa nani mwaka wa tano. Mwalimu aliyefua nguo Jeddah kwa miaka minne anarudi na akiba, lakini darasani ameachwa nyuma miaka minne, na hakuna aliyemchangia NSSF siku zote hizo isipokuwa alijichangia mwenyewe.

Wanaorudi Ghuba kwa mkataba wa pili wana nguvu ambayo hawakuwa nayo mwanzo: wanajua Kiarabu cha jikoni, wanajua kuhudumia mgonjwa au mtoto mchanga, na waajiri huwalipa zaidi. Wengi hutumia nguvu hiyo kudai riali 100 juu ya mshahara wa zamani. Ningependa wadai siku ya mapumziko kwanza, iandikwe kwenye mkataba ulio katika Musaned, mfumo wa mtandaoni wa Saudia wa mikataba ya wafanyakazi wa majumbani, na waisome wenyewe kabla ya kusafiri. Kwa anayefanya kazi saa 15 kwa siku, siku moja ya kupumzika kila wiki ni saa 65 kwa mwezi. Kwa bei ya Sh76 kwa saa hizo ni karibu Sh4,900, yaani riali 140 na ushei.