Homoni na Mizani ya Kalsiamu Mwilini

Mtaani Baba Dogo, Nairobi, majumba ya ghorofa yamesongamana hivi kwamba baadhi ya vyumba vya chini havifikiwi na jua. Mtoto ashindaye humo, ingawa anaishi karibu na ikweta, aweza kupata matege. Sababu yake hudhihirika tuchunguzapo kazi ya homoni.

Takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kilichosalia huwezesha misuli kujikunja, neva kupeleka taarifa na damu kuganda. Hivyo basi, sharti kidhibitiwe. Shingoni, nyuma ya tezi dundumio, kwa kawaida mna tezi nne ndogo za paratiroidi. Kalsiamu ipunguapo damuni, tezi hizi hutoa homoni inayoichochea mifupa kuachilia akiba yake, na figo kuizuia kalsiamu isipotee mkojoni. Aidha, homoni hiyo huzifanya figo kuikamilisha vitamini D, ambayo nayo huuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula. Kalsiamu ikizidi, utoaji huo hupungua. Kalsitonini ya tezi dundumio husaidia, japo kidogo.

Ngozi ikikosa jua, vitamini D huadimika na ufyonzaji hudhoofika. Hapo mifupa ndiyo hulipa deni la damu: kipimo cha damu chaweza kuonyesha kalsiamu ya kawaida ilhali miguu ya mtoto inapinda. Kwa hivyo, kumtoa mtoto nje aote jua, na kumlisha maziwa na omena, si anasa bali ni kinga.