Kidude Kinachojua Ulivyoshinda

Msomaji mpenzi, hebu nikuulize swali: jana ulitembea kwa dakika ngapi? Sisemi umbali wa kuja shuleni. Nauliza dakika zote tangu ulipoamka, pamoja na kutumwa dukani, kuteka maji na kusimama kwenye foleni ya chakula. Bila shaka unakuna kichwa. Hata sisi wanafunzi wa kutwa, tunaojivunia miguu yetu, hatujui.

Kuna kidude kinachojua. Kwa Kiswahili tunaweza kukiita kihisi. Wataalamu hukiita akselerometa, nacho ni kidogo kuliko ukucha wa kidole. Ndani yake mna kipande cha silikoni kilichoshikiliwa na vijimkono vyembamba vinavyonesa kama springi. Umewahi kusimama ndani ya matatu, dereva akakanyaga breki ghafla? Gari lilisita, wewe ukaendelea mbele. Kipande kile nacho ni vivyo hivyo: mwili ukisogea, chenyewe huchelewa kidogo, umbali baina yake na ukuta ulio kando ukabadilika, na umeme unaopimwa hapo ukabadilika pia. Mabadiliko hayo huandikwa mara nyingi katika kila sekunde. Kihisi cha namna hiyo kimo ndani ya simu. Ndicho kinachogeuza picha unapoilaza simu ubavu.

Lililonifurahisha zaidi ni hili la paja. Kihisi huhisi mvutano wa dunia, kwa hiyo kinajua chini ni wapi. Kibandike pajani: ukisimama, paja liko wima, ukiketi, paja limelala. Basi! Hakuna cha kuulizana tena.

Na kuulizana ndiko kwenye taabu. Nyanya yangu ana ugonjwa wa kisukari. Akienda kliniki huulizwa kama anafanya mazoezi, naye hujibu, "Hapana mwanangu, na umri huu nitakimbilia wapi?" Huandikwa kwamba hafanyi. Ilhali nyanya huyo huyo hupanda na kushuka matuta ya shamba tangu alfajiri, na vilima vya Machakos mnavijua, havina huruma. Kwake mazoezi ni mambo ya akina Kipchoge. Jembe ni kazi tu. Aliyeuliza hakukosea, wala aliyejibu hakudanganya, lakini kilichoandikwa si kweli. Afadhali angeulizwa, "Jana ulishinda ukifanya nini?"

Msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka wa 2012 watafiti wa Kenya na Denmark walichapisha utafiti juu ya watu zaidi ya 1,000 wa mashambani: Waluo, Wamaasai, na sisi Wakamba. Walitumia kifaa cha kuvaliwa kifuani kinachopima mwendo na mapigo ya moyo kwa pamoja. Kwa nini pamoja? Kwa sababu kihisi cha mwendo peke yake hudanganyika. Mama anayepanda mlima na mtungi wa lita 20 mgongoni, na kijana anayepanda mikono mitupu, kwacho hukaribia kuwa sawa. Moyo lakini hauwezi kuficha mzigo.

Kuna pia ugonjwa wa Parkinson. Mkono wa mgonjwa uliotulia hutetemeka mara 4 hadi 6 hivi kwa sekunde, na mtetemeko huweza kupungua dawa inapofanya kazi na kurudi inapoisha. Daktari humwona kwa dakika chache tu, pengine wakati ambapo dawa ina nguvu. Kihisi kilichofungwa mkononi kama saa huandika mchana kutwa na usiku pia.

Sasa nifuateni hadi Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, kwa Wahadza ambao hadi leo wako wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mwaka wa 2020 David Raichlen na wenzake walitangaza matokeo ya Wahadza 28 waliovaa vihisi pajani. Mimi ningeapa kwamba wawindaji hawapumziki. Kumbe! Walipumzika karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, takriban sawa na watu wa nchi za viwanda. Lakini dalili za hatari ya maradhi ya moyo ni chache kwao. Kwanza, wakiinuka huenda kwelikweli. Pili, na hili ndilo jipya, mara nyingi hupumzika kwa kuchutama au kupiga magoti, ambapo misuli ya miguu haijalala kama inavyolala kwenye kiti. Watafiti wanadhani huenda hiyo ndiyo siri.

Hata hivyo kihisi hakikulisema jambo hilo. Chenyewe kilijua tu kwamba paja limetulia. Waliojua nani amechutama na nani ameketi ni watu waliokaa kambini wakitazama kwa macho yao na kuandika.