Mvua ikianza, mtoto atege ndoo wapi?

Msimu wa mvua Kigoma huanzia Oktoba hadi Mei. Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, kama kwingineko katika nyanda za juu za mkoa, ndoo na mapipa hutolewa nje, na mara nyingi mtoto ndiye anayetumwa kuyatega. Mzazi, mwelekeze, kwa sababu maji ya chini ya mwembe si sawa na ya uwanjani.

Kwanza, ni machache. Matone ya mwanzo hunaswa na majani na matawi, na mengi hukauka hukohuko juu. Ikiwa ni rasharasha, ardhi chini ya mti wenye kivuli kizito inaweza kubaki kavu. Mvua kubwa ndiyo hupenya, na sehemu yake hutiririka kwenye shina, kama unavyoona kwenye mgomba.

Pili, yamebadilika. Kiangazi kizima majani yamebeba vumbi, moshi wa kuchoma mashamba, na kinyesi cha ndege na popo. Mvua huviosha vyote. Huchota pia vitu vilivyo ndani ya jani lenyewe, hasa potasiamu, na rangi inayofanya maji yafanane na chai nyepesi. Kwa bustani ya mchicha, hiyo ni mbolea ya bure. Kwa mtoto, kinyesi hicho kinaweza kuleta vijidudu vya kuharisha.

Fanya hivi:

- Tega ndoo mahali pa wazi. Epuka kabisa mnyaa. Utomvu wake huunguza ngozi na macho.
- Punguza matawi yanayoning'inia juu ya bati. Bati la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 10, linaweza kutoa hadi lita 300.
- Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati. Maji yake mwagilia bustani.
- Ya kunywa chuja kwa kitambaa safi, yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, kisha yafunike. Dawa ya klorini hupungua nguvu kwenye maji yenye rangi ya majani.

Mwembe wenyewe usiukate. Kivuli chake na majani yanayodondoka hulinda udongo wa uani usichukuliwe na maji. Sogeza ndoo tu.