Rafadha na Jeti Chini ya Kilimanjaro

Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, hupokea ndege za rafadha kama Dash 8-Q400 na za jeti kama Airbus A220. Kiini cha injini zote mbili ni kimoja: gesi moto huzungusha mhimili. Hata hivyo, rubani ahamaye kutoka moja hadi nyingine hana budi kuizoeza mikono yake upya.

Akisukuma mbele wenzo wa nguvu wa Dash 8, mapanga ya rafadha hubadili mkao papo hapo, hukamata hewa nyingi na kuipuliza juu ya bawa, ndege huinuka. (Pua nayo huvutika upande, sharti aizuie kwa miguu.) Akiurudisha nyuma, rafadha hugeuka breki. Jeti haina hisani hiyo. Injini iliyotulizwa huhitaji sekunde kadhaa kushika kasi, na ndege huteleza mbali kabla ya kupunguza mwendo. Kwa hiyo rubani wa jeti huanza kushuka mapema, naye hukumbuka mlima wa mita 5,895 ulio jirani. Adhuhuri, hewa ya joto ya uwanja huo ulio karibu mita 900 juu ya bahari huwa nyepesi, na akichelewa kuomba nguvu, huipata pungufu.