Popo wa Darini: Tusiwaue, Tuwahamishe kwa Mpango

Mkoa wa Kagera umepata milipuko miwili ya ugonjwa wa Marburg katika miaka ya karibuni: Bukoba mwezi Machi 2023, kisha Biharamulo Januari 2025. Si ajabu basi kwamba popo wakisikika kwenye dari ya kanisa la zamani, darasa au ghala la kahawa hapa Kaisho, wilayani Kyerwa, wazo la kwanza ni moshi, sumu au fimbo. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kuwaua kunaweza kuongeza hatari badala ya kuipunguza.

Kwanza tujue ni popo gani tunaowazungumzia. Virusi vya Marburg huhifadhiwa na popo mla matunda anayeitwa kitaalamu Rousettus aegyptiacus, na makao anayoyapenda ni mapango na mashimo ya migodi. Anayejibana chini ya mabati kwa kawaida ni mwingine: popo mdogo mla wadudu, uzito wake gramu 10 hadi 30, mkia umechomoza nje ya ngozi ya mabawa. Huyu huvumilia joto la paa hata likizidi nyuzi 40.

Kumtambua si vigumu. Jua la mchana likichoma mabati, utasikia milio yake myembamba. Karibu saa moja jioni hutoka mmoja baada ya mwingine kwenye upenyo kati ya ukuta na paa, na chini ya upenyo huo ukuta huwa na doa jeusi la mafuta ya manyoya na mkojo. Kinyesi chake hufanana na cha panya, ila kikikauka, ukikibonyeza kwa kijiti, husagika na kuacha vipande vinavyometameta, mabaki ya mabawa na magamba ya wadudu.

Wadudu hao ndio sababu ya kumhitaji. Kwa usiku mmoja popo wa aina hii anaweza kula wadudu wanaokaribia nusu ya uzito wake. Katika mashamba ya makadamia Afrika Kusini, watafiti wamethibitisha kwamba popo hula kunguni wanaoharibu zao hilo. Ndugu zao wala matunda husambaza mbegu za mvule, mti uliotupatia mbao za milango mingi ya majengo tunayotaka kuyatunza. Na popo huzaa polepole, kwa kawaida mtoto mmoja kwa uzazi, kwa hiyo kundi likiangamizwa huchukua miaka kurudi.

Hatari ya kuwaua ilionekana ng'ambo ya Mto Kagera, katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007, na baadaye popo wa mgodi huo wakaangamizwa. Mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena katika eneo hilo. Watafiti walipowapima popo waliokuwa wamerudi mgodini, asilimia 13.3 walikuwa na virusi, wakati kabla ya mauaji walikuwa asilimia 5.1. Maelezo yao ni kwamba waliouawa wengi walishajenga kinga, na nafasi yao ikachukuliwa na popo wapya wasio nayo. Kwa hiyo kwenye mashimo ya zamani ya madini ya bati wilayani Kyerwa, ushauri wangu ni mfupi: penye popo usiingie, wala usiwachokoze.

Kwenye paa la jengo, njia ipo. Popo hatafuni mbao wala nyaya kama panya. Kinachoharibu ni mkojo na kinyesi vinavyolundikana, vikaozesha dari na kula mabati. Kule Ureno, katika maktaba ya kale ya Chuo Kikuu cha Coimbra, popo wameachwa wale wadudu wanaotoboa vitabu. Kila jioni wahudumu hufunika meza kwa ngozi, asubuhi wakasafisha. Nasi tunaweza kutandika turubai juu ya dari, chini ya kundi, na kulisafisha kila mwaka.

Kama ni lazima wahame, subiri kiangazi cha Juni hadi Agosti, kwa kuwa wengi huzaa wakati wa mvua, wadudu wanapojaa. Hata hivyo kagua kwanza: ukiona vitoto visivyoweza kuruka, ahirisha. Tundika wavu laini juu ya upenyo, uufunge juu na pembeni, chini uwe wazi. Popo watatoka kwa kutambaa, ila hawataweza kurudi. Baada ya wiki moja, hakikisha hakuna aliyebaki, ndipo fundi azibe kwa saruji. Sanduku la mbao likitundikwa mapema ukutani nje huwapa pa kuhamia, ingawa si lazima walikubali.

Anayesafisha avae barakoa na glovu, na alowanishe kinyesi kabla ya kukizoa, maana vumbi lake linaweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Asishike popo yeyote kwa mkono mtupu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu popo wanaweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa.

Kamati za ujenzi za parokia, sharika, shule na vyama vya ushirika zinapopanga ukarabati, ziweke suala la popo kwenye bajeti, na zimwite afisa wanyamapori na afisa afya wa wilaya kabla fundi hajapanda paani. Gharama ni wavu, turubai na subira ya msimu mmoja. Sumu inaonekana rahisi, lakini hudondosha popo wanaokufa sakafuni, mahali ambapo watoto huketi.