Wahusika hawana anwani

Fungua ukurasa wowote wa maoni ya wasomaji, hutakosa sentensi hii: "Tunaomba wahusika walitupie jicho suala hili." Nami niliwahi kuiandika. Mtaro wa mtaani kwetu uliziba, maji machafu yakaingia hadi vyumbani mwa watu. Nikamwaga hasira aya kumi, nikazifunga kwa ombi hilo. Makala yakachapwa, majirani wakanipongeza, mtaro ukabaki vilevile. Hakuna mtu anayeamka asubuhi na kwenda kazini kwa cheo cha "wahusika".

Tazama Jangwani, Dar es Salaam. Mto Msimbazi unaopita hapo hukata katikati ya jiji na kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua kubwa ikinyesha, Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi husimama, na wakazi wa bondeni huanza kuhamisha magodoro. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya waathirika wakapewa viwanja Mabwepande.

Kwa macho ni tatizo moja, ila wenyewe ni wengi. Barabara kuu ni ya wakala wa barabara, TANROADS. Barabara za mitaa na mitaro yake ni za wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Taka ni kazi ya halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na hapo wa kuulizwa ni baraza la mazingira, NEMC. Ukiwalaumu wote kwa mkupuo, kila mmoja atamtazama mwenzake.

Kwa hiyo makala ya kushawishi huanza kwa miguu kabla ya kalamu. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza mtaro ni wa nani. Upime. Hesabu nyumba zilizoingiliwa na maji. Kisha omba jambo moja ambalo mtu mmoja mwenye mamlaka anaweza kulitekeleza.

Angalia na kalenda. Masika huja Machi hadi Mei, na ndipo wengi tunaposhika kalamu. Lakini mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na makisio ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Fedha ya mtaro unaofurika leo ilipangwa, au ilisahauliwa, mwaka jana. Makala ya mafuriko yaandikwe kiangazi.

Mwisho, sema pia lile linalokuuma. Taka zilizoziba mtaro wetu tulizitupa sisi wenyewe. Wapo pia waliopewa viwanja mbali wakarudi bondeni, kwa kuwa riziki yao iko mjini. Ukiyaficha hayo, afisa atayatumia kukunyamazisha. Ukiyataja wewe kwanza, atabaki na hoja yako tu ya kujibu.

Sentensi yangu ya zamani leo ningeiandika hivi: "Tunamwomba meneja wa TARURA wa wilaya azibue mtaro huu kabla ya Machi. Sisi wa kaya zinazopakana nao tumekubaliana zamu za kuulinda usitupwe taka; orodha ya zamu iko kwa mwenyekiti wa mtaa." Barua hiyo ina anwani, ina tarehe, na aliyeiandika naye ameshika koleo.