Slaughtneil: kijiji kidogo, michezo tatu, na kiwanja chao wenyewe

Ndugu wafanyakazi, ba mama mu nyumba, na ninyi vijana wa mupira, leo ninawapeleka mbali kidogo, ku Irlandi. Wazee wa Likasi wanajua ile inchi toka zamani. Mwezi wa tisa 1961, wakati Likasi ilikuwa ingali inaitwa Jadotville, askari wa Irlandi waliokuja na ONU walizungukwa pale, wakapigana siku kadhaa, mwisho maji na risasi ziliisha, wakakamatwa. Tunajua bunduki zao. Mupira yao hatuujui.

Kule mupira yenye kujaza stade kubwa kupita zote si ule wetu. Stade yenyewe iko Dublin, inaitwa Croke Park, inaingiza watu zaidi ya 82.000. Wanacheza watu 15 kila upande. Mu mchezo wa kwanza, futboli ya Gaelic, unaruhusiwa kushika mupira na mikono na kuupiga na mguu. Milingoti ya goli inapanda juu sana, na nyavu iko chini. Ukiingiza mu nyavu, ni pointi tatu. Ukipitisha juu ya mwamba, kati ya milingoti, ni pointi moja. (Siku hizi wameongeza sheria ya pointi mbili kwa wenye kupiga toka mbali.)

Mchezo wa pili, hurling, njo wenye kuogopesha. Kila mutu anashika fimbo ya muti, mwisho wake ni bapa, na wanapiga kampira kadogo ka ngozi kagumu kanaruka mbio sana. Toka mwaka 2010 kasike ni lazima kwa kila mchezaji. Mbele ya ile sheria wengi walicheza kichwa wazi. Sisi watu wa kasike tunaelewa hii hadithi bila kuelezwa! Wanawake wanacheza ule ule mchezo, na kwao unaitwa camogie.

Chama chenye kusimamia hii yote, GAA, kilizaliwa tarehe 1 Novemba 1884 mu hoteli moja ya muji wa Thurles. Kimejengwa juu ya parokia. Unachezea kwenu, pale ulizaliwa, pale baba yako alichezea. Hakuna mutajiri wa kuja kununua mutoto wa kijiji ingine na kumupeleka kwake.

Basi, Slaughtneil. Ni kijiji chini ya milima ya Carntogher, karibu na Maghera, mu wilaya ya Derry, upande wa Irlandi ya Kaskazini wenye kuwa chini ya Uingereza. Mashamba, kondoo, nyumba zimetawanyika, hata centre-ville hakuna. Club ilianza 1953, na inabeba jina la Robert Emmet, mupigania uhuru aliyenyongwa Dublin mwaka 1803. Mu ile eneo wameanzisha tena masomo ya watoto mu luga yao ya Kiirlandi, ile ilikuwa karibu kupotea.

Miaka mingi hawakuwa kitu mu futboli. Kombe ya wakubwa ya Derry waliipata mara ya kwanza 2004. Kisha mwaka 2016 wakafanya jambo: mu mwaka mumoja kijiji kimoja kikabeba kombe ya Ulster ya futboli, ya hurling, na ya camogie. Ulster ni jimbo la wilaya tisa. Mbele yao hakuna club ya Derry iliyowahi kubeba ile ya hurling. Na wachezaji wa futboli na wa hurling, wengi ni wale wale: juma hii mupira, juma ijayo fimbo, na katikati kazi ya kila siku.

Mwezi wa tatu 2017 wanawake wakaenda Croke Park, wakashinda kombe ya Irlandi yote. Siku chache nyuma, wanaume nao wakaingia finali ya futboli, wakapoteza na Dr Crokes ya Kerry kwa pointi mbili tu. Wanawake wakarudia tena 2018 na 2019. Muniruhusu niseme wazi: mu ile kijiji, kombe kubwa zililetwa na ba mama na ba dada.

Sasa tufike ku franga, juu mimi ni mutu wa sindika, siwezi kupita pembeni. Hawa watu hawalipwi hata kidogo. Mumoja wao, Chrissy McKaigue, alikwenda Australia, ku Sydney Swans, club yenye kulipa mushahara. Akarudi kucheza kwao, futboli na hurling, bule. Niliposoma hii mara ya kwanza, nilikasirika. Maisha yangu yote ninaambia vijana: jasho lako iko na bei. Stade ya watu 82.000, tikiti zimeuzwa, na mwenye kukimbia anarudi nyumbani mikono mitupu? Wachezaji wenyewe waliuliza vile vile. Mwaka 1999 waliunda chama chao, GPA, na GAA ilichelewa mupaka 2009 kukitambua rasmi. Kinatetea wale wa ekipe za wilaya, juu ya gharama ya njia, matunzo ya majeraha, masomo. Mushahara, hapana.

Lakini nimeendelea kufikiri, na kuna kitu kimoja kimenishika. Viwanja vya hizi club ni mali ya chama na vinaandikwa ku jina la wadhamini wake. Hakuna mukubwa anaweza kuuza kile kiwanja asubuhi moja. Jasho halilipwi, ndiyo, lakini linabakia pale.

Sisi je? Mu site yetu, sosieti ilijenga kiwanja wakati baba zetu walikuwa mu shimo. Ba papa walisawazisha udongo wenyewe siku ya Mungu, kisha poste ya usiku, bila franga. Mimi mwenyewe nilifunga goli langu la kwanza pale, peku peku. Kisha mali ikabadilisha mwenyewe, wakaweka seng'enge, sasa malori yanalala pale. Tulipouliza, walituonyesha karatasi: kiwanja kilikuwa cha sosieti, na jina letu halikuwa mahali popote.

Barua ya tatu tuliipeleka ku direction mwezi uliopita. Safari hii ba mama wamesaini mbele yetu. Watoto wanaendelea kucheza mu barabara, na lori ikikuja, wanapisha.